Mikono ya Wodi ya Njiti

Jumatatu asubuhi, mwaka wa tisini na tatu, Sista Mwanaharusi alinawa kwa sabuni ya mche mpaka viwikoni, ndipo akamsogelea mtoto wa Zaitun. Mtoto alikuwa njiti wa kilo moja na robo, amelazwa kwenye sanduku lililopashwa joto kwa balbu. Kitovuni alipitishwa mrija mwembamba uliofika karibu na moyo. Dawa na chakula vilipita humo. Uchafu nao ungepita humo humo, na ukiingia kwenye damu, mtoto hana siku mbili. Kwa hiyo kila mara kabla ya kufungua kizibo cha mrija, Sista alikisugua kwa spiriti, na spiriti ilibaki vidole viwili chupani.

Mama yake Zaitun, Bibi Mwanasiti, aliwasili kutoka kijijini Mbuchi, akapeleka mkono sandukuni amsalimie mjukuu. Kabla haujafika, mkono ukasema, "Nimeshika masizi ya chungu, ya kumpaka kitovuni."

"Loh! Mkono mbea huu!" Bibi akaugombeza, akafungua pindo la kanga na kutoa masizi. "Wanangu wote nimewapaka, Sista, na wamekua."

"Wako hawakuwa na mrija, bibi. Haya, bombani."

Bibi akanawa. Mkono ukanyamaza.

Tangu hapo kila mkono usionawa ulijitaja. Wa mfagiaji ulisema umeshika ugoro. Wa Swalehe, baba mtoto, ulisema umeshika kuku wa jirani. Watu walicheka wakashika mbavu, na foleni ya bombani ikafika mlangoni. Siku tatu nzima hakuna njiti aliyepata homa. Mwanaharusi alifurahi, akafanya kazi huku anaimba taarabu.

Alhamisi akaja Dokta Husseini, mganga mfawidhi, akanyoosha mkono aushike mrija.

"Nimeshika ufunguo wa stoo," mkono ukasema. "Spiriti katoni nne, glovu katoni mbili. Zinamngoja mgeni rasmi aje azikabidhi."

"Lisemwalo lipo," akasema Bibi.

"Zipo, ni kweli," Dokta akajibu kwa upole. "Ila utepe haujakatwa."

"Utakatwa lini, Dokta? Chupa yangu inaisha!"

"Sista, mkono hauna saini. Stoo haifunguliwi kwa maneno ya mkono."

Ijumaa Dokta alipita wodini amevaa glovu mpya kabisa. Mikono yake haikusema tena.

Jumamosi spiriti ikaisha. Mtoto alikuwa bado anahitaji mrija kwa siku nne, lakini kuuacha bila kuusafisha kulikuwa kumfungulia mauti mlango. Mwanaharusi aliogopa, akaogopa haswa. Akauchomoa taratibu, akabana kitovu kwa shashi, akaanza kumdondoshea maziwa ya Zaitun tone baada ya tone. Mtoto akapaliwa, akabadilika rangi, akarudi.

Siku ya tatu akameza vizuri. Mwanaharusi akamfungua pamba aliyozungushiwa mikononi tangu azaliwe, na mtoto akakidaka kidole chake.

"Nimeshika mtu," mkono wa mtoto ukasema.

Sista alicheka huku machozi yanamtoka. Akaandika kwenye faili uzito, joto, maziwa, na kwamba mkono umesema. Huko stoo, katoni ziliendelea kumngoja mgeni rasmi. Ilikuwa imefunguliwa moja tu, ya glovu.