Safu ya Juhudi

Asubuhi ambayo Marit Haugen hakuonekana mazoezini, Dell Kopecky alimwandikia sifuri. Ilipofika saa kumi na mbili kamili aliwatazama wasichana waliojipanga chini ya kikapu, akahesabu kumi na mmoja badala ya kumi na wawili, akachomoa kalamu sikioni na kuandika mbele ya jina lake: Amechelewa. Hakutoa taarifa.

Kisha akapuliza filimbi. Katika timu ile mchezaji akichelewa adhabu haimngojei yeye. Wenzake ndio wanaoibeba. Kila dakika anayokosekana, wao hukimbia uwanja mzima kwenda na kurudi. Dell, kocha msaidizi, ndiye aliyekuwa akishika saa.

"Bibi harusi hajamaliza kujipamba," alisema Jolene kwenye mzunguko wa sita, mikono magotini.

"Akija namfunga kamba za viatu mimi mwenyewe," mwingine akadakia. "Cha kushoto na cha kulia pamoja."

"Tunzeni pumzi," Dell akawaambia. "Dakika ya saba hiyo."

Wakacheka, wakakimbia. Walikuwa wamefika mzunguko wa kumi na nne mchungaji wa chuo alipoingia. Alipita katikati ya sakafu ya mbao na viatu vyake vya theluji, jambo ambalo hakuna mtu wa mji ule angelithubutu, na Dell akajua kabla hajaambiwa kwamba limetokea jambo lisilorekebishika.

Marit alikutwa amefariki kwenye ngazi za bweni, begi la mazoezi begani, viatu vyake vimefungwa vizuri. Daktari alisema baadaye kwamba msuli wa moyo ulikuwa umeanza kudhoofika tangu homa iliyompata Desemba, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Alikuwa hajachelewa. Hesabu ya hatua kwenye simu yake ilionyesha alitoka chumbani dakika ishirini kabla ya wakati.

Kazi ya Dell ilikuwa kuwapima wachezaji. Kila Jumapili, baada ya kanisa, alijifungia na video ya mchezo wa Jumamosi na karatasi yenye safu saba, akaweka alama kwa kila tendo. Marit alikuwa gadi, yule anayeupandisha mpira na kuwapangia wenzake mashambulizi, hivyo karatasi yake ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote: pasi zilizozaa vikapu, mipira aliyoipoteza, mitupo, ulinzi. Safu ya nne kutoka kushoto iliitwa Juhudi. Hapo Dell alihesabu jambo moja tu. Timu ikipoteza mpira, je, mchezaji anarudi nyuma kwa mbio au anatembea? Mbio, alama ya tiki. Kutembea, sifuri.

Mwezi wa Novemba Marit alipata tiki tisini na moja katika kila mia. Januari ikaja. Kipindi cha kwanza alikuwa vilevile, lakini cha pili alishuka hadi hamsini na nne. Hakuna mwingine aliyeliona. Alikuwa bado anafunga, bado anatoa pasi za kutoa machozi, na watu majukwaani walikuwa bado wanaliita jina lake kwa kelele. Dell peke yake ndiye aliyeliona, na, kusema kweli, alijisifu moyoni kwa jicho lake. Chini ya karatasi akaandika: Anachagua lini ajitume.

Kocha mkuu, Fenske, aliipenda sentensi ile. Aliibandika karatasi kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo, kisha akawaita wote watazame video.

"Haya, mwangalieni," alisema, akairudisha picha mara mbili. "Wenzake wanne wanakimbia kama nyumba inaungua. Yeye huyu hapa. Unakwenda wapi, Marit? Madhabahuni?"

Jolene akaanza kuuimba kwa mdomo uliofumbwa wimbo wa kumwingiza bibi harusi kanisani, na chumba kizima kikamfuata. Marit alicheka nao, masikio yamemwiva. Jina la Bibi Harusi lilimganda tangu siku hiyo.

Wengine walipotoka, yeye alibaki akikunja taulo ambalo lilikuwa limekwisha kunjwa.

"Kocha Dell, wewe ndiye uliyeandika ile?"

"Naandika ninachokiona."

"Na nikikwambia kwamba nachoka tu?"

"Februari inakaribia, binti. Nani hajachoka?"

Akaliweka taulo benchini. "Sawa," akasema. "Basi utaona."

Na kweli akaona. Jumamosi ya mwisho ya uhai wake, kipindi cha pili, timu ilipoteza mpira mara thelathini na moja, na Marit alirudi mbio mara thelathini na moja. Dell alizihesabu tena, kwa kuwa hakuwahi kuona safu imejaa namna ile. Mwishoni mwa mchezo msichana alikuwa ameinama, ameshika kaptula yake kwa mikono miwili, na Dell akaisimamisha video hapo kwa furaha. Chini ya karatasi akaandika neno moja: Hatimaye.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumanne ndiyo ile asubuhi ya mizunguko kumi na minne.

Mwezi wa Aprili ulikuwa wakati wa karamu ya kufunga msimu. Fenske aliagiza ngao ya mbao yenye jina la Marit, Tuzo ya Juhudi, ili akabidhiwe mama yake. Lakini mama, Lorna Haugen, alikuwa amekwisha leta barua yenye ombi jingine. Aliomba karatasi zote za binti yake, kwa kuwa kila Jumapili jioni Marit alikuwa akimpigia simu na kumsomea alama.

"Mpe za Novemba na Desemba," Fenske alimwambia Dell. "Na ile ya mwisho. Za katikati hazikupatikana."

"Zipo kabatini kwangu."

"Dell. Unataka mama wa watu akayasome yale mezani kwake? Mimi nakusitiri wewe. Mwandiko ule si wangu."

Dell alikwenda ofisini, akazitoa karatasi zote, akazitenga za Januari na Februari pembeni, akaketi akizitazama. Kumpa mama ngao na kumficha zile kulikuwa kumvika marehemu kilemba cha ukoka. Kumpa zote kulikuwa kujishtaki kwa mkono wake mwenyewe. Lorna alipobisha hodi saa nane mchana, zilikuwa zote kwenye bahasha moja mezani, na ngao kando yake.

Alizisoma palepale, amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, na alisoma bila haraka, kila safu. Alipofika Januari alivuta kiti.

"Hapa anaanza kushuka," alisema.

"Ndiyo, Bi. Haugen."

"Nani alikuwa wa kwanza kuliona?"

"Mimi."

Akaendelea hadi karatasi ya mwisho. Akaweka kidole kwenye lile neno moja. "Hapa ulifurahi?"

"Nilifurahi."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa njia aliyokuwa akiijua. "Sisi nyumbani tuna ng'ombe arobaini," alisema. "Kila mmoja na kadi yake. Maziwa yake tunayapima asubuhi na jioni. Akishuka hivi, siku mbili tu, mume wangu anamwita daktari wa mifugo. Hatumbandiki ukutani."

Dell alichomoa kalamu sikioni, akaiweka mezani.

"Aliniambia kuhusu Bibi Harusi. Alisema ni utani tu." Akavua miwani. "Asubuhi ile, alipokosekana, nani alikwenda kugonga mlango wake?"

"Hakuna aliyekwenda."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Wasichana walikuwa wanakimbia. Kwa ajili ya kuchelewa kwake. Mimi nilikuwa nahesabu."

"Ulifika ngapi?"

"Kumi na nne."

Lorna aliirudisha bahasha mkobani, akainuka. Ngao aliiacha mezani, imelala kifudifudi, na karamuni hakwenda.

Fenske bado ndiye kocha mkuu. Karatasi ni ileile, na safu ya nne Dell anaijaza kila Jumapili. Mchezaji akichelewa, wenzake bado wanakimbia, ila saa na filimbi anashika mtu mwingine. Dell anakwenda bwenini kugonga mlango.