Michembe na Baiskeli za Siku ya Kombe

Nyumba tuliyopewa na shule ilikuwa hatua arobaini tu kutoka uwanja mkubwa wa mpira, kando ya njia ya zamani ya misafara. Siku za kawaida jirani huyo hakuwa na usumbufu. Siku za mpira, watu walifika kwa baiskeli kutoka Kigwa, Isikizya na mbali zaidi, na kwa kuwa uwanjani hapakuwa na mahali pa kuziacha, waliziegemeza popote walipopaona: ukutani kwetu, kwenye mipapai, hata kwenye mafiga ya mke wangu, Pelagia. Mpira ukiisha, kila mtu alivuta yake kutoka chini ya za wenzake, na maneno yaliyosemwa hapo sikupenda wanafunzi wangu wayasikie.

Mwaka 1952 mpira wa kombe ulipangwa Jumamosi moja ya Julai, na Jumamosi hiyohiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuanika michembe. Pelagia alikuwa amekata viazi vitamu vya shamba letu zima vipande vyembamba na kuvitandaza juani kwenye majamvi manne. Havikuwa vya kuliwa kwetu. Shamba la mama yake, Bibi Siwema wa Kigwa, lilikuwa limeliwa na nguruwe-mwitu, na gunia la michembe ndilo lingemfikisha mavuno mengine. Lilipaswa kupanda gari-moshi Jumatatu.

"Baba Ambrosi," aliniambia Ijumaa jioni, "baiskeli moja ikigusa jamvi langu, nitakwenda kukaa katikati ya uwanja wao, tuone watacheza wapi."

Nilimjibu kwamba jambo lolote likipangwa mapema halina ugumu. Asubuhi tulihamishia majamvi nyuma ya nyumba. Mbele nilichora mistari mitatu ya chokaa: mmoja wa wanaorudi Kigwa na Tura, mmoja wa njia ya Nzega, na mmoja wa watu wa mjini. Nilikata kadi mbilimbili zenye namba ileile. Moja ifungwe kwenye usukani, ya pili abaki nayo mwenye baiskeli. Pelagia alikubali kugawa kadi, kwa sababu mimi nilitakiwa kuongoza gwaride la wanafunzi kabla ya mpira. Ikabaki kazi moja tu, ya kulinda majamvi.

Kazi hiyo nilimpa jirani yetu, Bwana Pazi, karani wa stesheni. Alikuwa mtu wa saa na wa mihuri, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi hata siku ya mapumziko. Alikuwa wa kwanza kufika, baiskeli yake ikafungiwa kadi namba moja, akachukua kigoda na kwenda nyuma. Pelagia aliniita kando.

"Mwalimu, umemweka nani huko?"

Nilimwambia nimemweka mtu mwaminifu kuliko wote mtaani. Akarudi kwenye kadi zake, kwa sababu baiskeli zilikuwa zimeanza kuingia.

Kosa langu lilikuwa la ajabu kwa Mnyamwezi kama mimi. Bwana Pazi alikuwa Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Mtani akichukua chako huwezi kumshitaki wala kumnunia. Unangoja zamu yako. Nilikuwa nimeiona kaptula yake, nikausahau utani.

Mpira ulikwisha, na niliporudi nilishuhudia jambo ambalo sikuwahi kuliona uani kwetu. Baiskeli mia na arobaini na tatu zilitoka moja baada ya nyingine, kadi kwa kadi, bila mtu kumshika mwenzake shati. Nilifurahi mno. Nikazunguka nyuma ili nimshukuru mlinzi.

Jamvi moja lilikuwa tupu kabisa. Bwana Pazi alikuwa kwenye kigoda chake na wageni sita wasiojulikana, wote wakitafuna. Michembe ya majamvi matatu ilikuwa tayari imo guniani, na gunia limefungwa kamba.

"Mzigo wa pwani huo," alisema kwa utulivu. "Zamani mlitubebea wenyewe. Siku hizi mmekuwa walimu, basi nimeamua kujibebea."

Nilianza kumweleza habari za Bibi Siwema, lakini Pelagia alinigusa mkono. Aliondoka kwenda mbele. Tulisikia magurudumu yakisaga changarawe, kisha mlango wa chumbani ukifungwa kwa ufunguo. Aliporudi, ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga.

"Mtani," alisema, "namba moja imelala. Imechoka."

Bwana Pazi alicheka hadi akashika tumbo, na wageni wake wakaanza kuaga mmoja mmoja. Kisha yakaja mashauri, marefu kama ya baraza. Gunia lirudi, hilo alilikubali upesi. Badala ya jamvi lililoliwa alitoa debe la mpunga lililotoka kwao. Alichokataa kwa muda mrefu ni sharti la tatu: kwamba Jumatatu apande gari-moshi yeye mwenyewe, na kutoka stesheni ya Kigwa hadi mlangoni kwa Bibi Siwema aende na gunia kichwani, mpunga ukiwa mkononi.

"Mzaramo ambebee Mnyamwezi mzigo?" aliuliza. "Wazee wangu watafufuka."

"Wakifufuka, wakusaidie na debe," Pelagia alimjibu.

Alikwenda. Jumanne alirudi akigeuza kiwiliwili chote kila alipotaka kutazama pembeni. Bibi Siwema, alitusimulia, alipokea shikamoo yake vizuri, kisha akamkataza kutua gunia mpaka azungushwe kwa majirani wote wauone mzigo wa pwani ulivyorudi bara. Gunia lilikuwa limejaa vya kutosha, na mpunga ulimpendeza kupita michembe.

Pelagia akafungua chumba na kumtolea baiskeli yake, imefutwa vumbi. Bwana Pazi aliikagua kama anavyokagua behewa, akafika kwenye usukani na kusita.

"Kengele iko wapi?"

"Hiyo haikuwamo katika mashauri," alisema Pelagia.

Mpira uliofuata, mke wangu alisimama mbele ya mistari yangu ya chokaa na kengele mkononi. Kila mstari ulipojaa aliipiga, na watu wakahamia unaofuata bila kuambiwa.