Bembea Ielekee Barabarani

Edinah Nanzala alipika katika shule moja ya bweni mjini Eldoret kwa miaka ishirini na saba, na kazi hiyo yote aliifanya akiwa amesimama. Alipostaafu, magoti yalikuwa yamechoka kabisa. Alitaka kitu kimoja tu kwa nyumba waliyojenga na marehemu mumewe kule Kapseret: bembea ya kukalia verandani.

Jumamosi aliyopanga kwenda kuichagua, shemeji yake Wabuge, mdogo wa marehemu, alifika kutoka Bungoma bila kupiga simu. Alisema ana maneno ya familia. Edinah akamwambia anatoka, na kama maneno hayawezi kungoja, basi wayaongee njiani.

Njiani Wabuge akaeleza. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu mazishi. Familia ilikuwa imeketi ikakubaliana kwamba mjane arudi nyumbani Bungoma, na nyumba ya Kapseret aichukue kijana mkubwa wa Wabuge, aliyekuwa anatafuta kazi mjini. Aliyasema haya kwa upole, kama mtu aliyeleta habari njema. Edinah alimsikiliza mpaka mwisho.

Kwa fundi Isaiah, karakana ya mbao kando ya barabara, walikuta bembea nne. Ya kwanza ilikuwa ya chuma, yenye mito myekundu. Edinah akaikalia, akainuka mara moja. Chuma kilikuwa baridi hadi kwenye mifupa, na asubuhi za Eldoret hazihitaji kuongezewa baridi. Ya pili ilifumwa kama kikapu, ya mtu mmoja. Isaiah akasema hiyo ndiyo wamama wanaokaa peke yao hupenda.

"Mimi si kuku," Edinah akamwambia. "Nionyeshe nyingine."

Ya tatu ilipakwa rangi vizuri, lakini Edinah alipoikalia, miguu yake ilining'inia kama ya mtoto. Ya nne ilikuwa ya mbao ya saipras, bado haijapigwa vanishi, pana ya kutosha watu watatu. Isaiah alirefusha minyororo kidogo, na visigino vya Edinah vikagusa chini. Akaegemea. Mgongo ukatulia.

"Nifungie hii," akasema, na Isaiah akachukua kamba.

Wabuge, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono nyuma, akamwambia fundi asifunge chochote, kwa kuwa huyu mama anahama. Isaiah akaachilia kamba, akamtazama mmoja, kisha mwingine. Wabuge akamsogelea shemeji yake na kuongea kwa sauti ya chini.

"Shemeji, mjane akibembea mbele ya barabara, watu watasema unafurahia kifo cha ndugu yangu."

Hilo ndilo lililomchoma. Kwa miezi minane Edinah alikuwa amemwosha mumewe, akamlisha, akamgeuza kitandani, na katika miezi hiyo yote Wabuge alikuja kumwona mara moja tu. Akasukuma sakafu kwa miguu, bembea ikaenda, ikarudi. Mafundi wakaacha kupiga randa.

"Waseme," akajibu. "Wakimaliza kusema, watanikuta bado nimekaa."

Wabuge akaomba basi angalau ining'inizwe nyuma ya nyumba. Edinah akamwambia Isaiah aje Jumatatu na boriti nzito, na bembea ielekee barabarani.

Wiki iliyofuata Wabuge alirudi na Mzee Wakoli, mkubwa wa ukoo. Edinah aliwapa viti na chai, yeye akaketi kwenye bembea, kisha akamkabidhi Mzee hati ya ploti. Mzee aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Ilikuwa na majina mawili, la marehemu na la Edinah.

"Mzee, nyumbani ni hapa," Edinah akasema. "Bungoma nitakuja kusalimia, halafu nitarudi."

Mzee Wakoli akasema hakuna aliyemwambia kwamba jina la mama limo. Akamgeukia Wabuge, akasema hayo maneno yameisha. Wabuge akainuka na kuacha chai yake.

Wabuge hajapiga simu tangu siku hiyo. Watoto wake, ambao kila Agosti walikuja Kapseret kula mahindi mabichi, hawakuja mwaka huu, na Edinah aliwakumbuka sana, hasa yule msichana mdogo aliyependa kulala kitandani kwake. Hata hivyo Edinah hajatuma mtu kuomba msamaha, kwa sababu haoni kosa lake.

Majuzi Virginia, mwenzake wa kanisani, alipita akamuuliza kama haoni haya kukaa pale kila mtu akimwona. Edinah akasogea upande mmoja. Virginia akasimama kidogo, akaangalia barabara juu na chini, kisha akapanda ngazi, akakaa.