Jalada la Akina Mama Wagonjwa

Barua ya kumi na tisa ya asubuhi ile ilihusu punda. Punda wa maji wa Wakala wa Waingereza alikuwa amevimba mguu wa nyuma, na wakubwa kule Simla, India, walitaka kujua umevimba tangu lini na kwa idhini ya nani. Avelino Rebelo akaandika, "Nina heshima kukiri kupokea barua yako," huku jasho linamtiririka mgongoni na simu ya maandishi ya kaka yake kutoka Goa kaikunja ndani ya soksi. Maneno matatu tu: MAMA HOI NJOO.

Meli ya barua ilikuwa imetia nanga tangu alfajiri, unaiona kabisa dirishani, katikati ya Ghuba iliyotulia kama sinia. Inaondoka saa tisa alasiri. Nyingine ni wiki ijayo, na mtu aliye hoi hangoji wiki!

Basi ombi lake la likizo alishaliweka mezani kwa karani mkuu kabla hata ya chai. Saa nne likarudi.

"Hii nini?" Mzee Kotwal, karani mkuu mwenyewe, alikuwa Mparsi wa Bombay, mkavu, na kofia yake nyeusi inang'aa kama mgongo wa mende.

"Likizo, mzee. Mama yangu anaumwa."

"Hilo nimesoma. Mwandiko safi. Barua za nyuma ziko wapi?"

"Mzee! Ni mama. Hajawahi kuumwa hivi. Barua za nyuma zitoke wapi?"

"Rebelo, humu una miaka kumi na tisa. Ulishaona karatasi inakwenda kwa Meja peke yake, uchi hivi? Hata yule punda ana barua za nyuma. Arobaini na mbili!"

"Basi punda ana bahati."

"Usinichekeshe, nina vidonda vya tumbo. Lipo jalada. Likizo, Mzazi Kuumwa. Kalilete, nilibandike ombi lako juu yake, liende."

Mwandiko safi! Alivyosema, utadhani Avelino alizaliwa nao. Pale Wakala makarani wote waliandika mkono mmoja, wa kulegea kulia, kila herufi na kitumbo chake, ili wakubwa wasichoke macho. Avelino alikuja anaandika kwa kushoto. Mama yake ndiye aliyemfundisha kuandika, kwa mkaa, sakafuni jikoni, na wala hakumkataza ule mkono. Aliyemkataza ni Kotwal. Miezi mitatu ya mwanzo alimfunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa kiti, kwa utepe mwekundu uleule wa kufungia majalada.

Ufunguo wa chumba cha majalada alikuwa nao Dilmurad, tarishi, Mbaluchi mwenye mkanda wa bamba la shaba. Alifungua, akabaki kizingitini.

"Huingii?"

"Thubutu! Mimi nakaa hapahapa. Humo kuna watu wanaandika."

"Panya hao, kaka."

"Panya hawachovyi wino, bwana karani."

Avelino akacheka, lakini mwenyewe tu, na kicheko kikakatika haraka. Ndani kulinuka majani makavu ya mwarobaini waliyoweka kuzuia mchwa. Madirisha yalifungwa. Jua liliingia kwa vitundu, likachora mistari rafuni, na kweli, huko mwisho, kitu kilikuwa kinakwaruza. Krr, krr. Halafu kimya, kama mtu anachovya. Halafu krr.

Jalada alilipata rafu ya chini. Likizo, Mzazi Kuumwa. Akafungua, na karatasi ya juu kabisa ilikuwa ombi lake.

Akapumua. Kumbe Kotwal alishaliweka! Mwandiko wake, maneno yake, "mama yangu yuko hoi na meli ipo bandarini," mpaka ile alama ya dole gumba lenye jasho pembeni. Akaweka dole lake juu ya alama. Likaingia sawasawa.

Ndipo akaona tarehe. Juni kumi na nne, mwaka elfu moja mia nane themanini na nane. Sahihi: Tomé Quadros.

Mwaka huo Avelino alikuwa mtoto wa miaka miwili, hajui kushika kijiko.

Akafunua inayofuata, ya miaka minane nyuma. Jina jingine, mkono uleule, mama hoi, meli bandarini, dole pembeni. Na nyingine. Na nyingine. Kumi na moja kwa jumla, na kila moja ina maneno ya wino mwekundu pembeni: Alete barua za nyuma. Chini yake, kila moja: Mama amefariki. Shauri limekwisha. Akapitisha kidole juu ya wino. Kikatoka chekundu. Ulikuwa bado mbichi.

Moja tu, ya saba, ilikwisha vingine. Mwombaji ameondoka bila ruhusa. Jina lake lisiandikwe tena popote. Na jina walikuwa wamelifuta kwa wino mzito, wamelizika kabisa! Lakini mkia wa herufi ya mwisho uliponyoka nje ya doa. Ulilegea kushoto.

Krr, krr, kule mwisho. Avelino akakumbatia jalada na kutoka mbio, mpaka Dilmurad akampisha.

"Si nilikwambia?" Dilmurad akanong'ona, anafunga kufuli mara mbili.

Kotwal alizipitia zote kumi na moja, polepole, kama mtu anayehakiki hesabu ya mishumaa. Saa ya ukutani ilikuwa saba na nusu.

"Vizuri. Sasa hii ya chini kabisa inataja moja iliyotangulia. Iko wapi?"

"Mzee Kotwal."

"Nasikiliza."

"Mama yako wewe alifariki lini?"

Kalamu ya Kotwal ikasimama hewani. Juu yao pangaboi la nguo lilienda na kurudi, likivutwa na mtu upande wa pili wa ukuta.

"Juni," Kotwal akasema. "Nilikuwa natafuta barua za nyuma."

Kisha mzee akafanya jambo ambalo Avelino hakuwahi kumwona akilifanya. Akaweka ombi la Avelino juu, akalifunga jalada kwa utepe kama lilivyo, bila kukamilika, akamwita Dilmurad. "Peleka kwa Meja. Haraka."

Meja, mkuu wa Wakala, hakuonekana tangu Aprili, joto lilipoanza. Karatasi ziliingia kwa upenyo wa mlango wake na kutoka kwa upenyo huohuo, na watu walishazoea. Dilmurad akainama, akasukuma jalada ndani. Hakuwahi hata kunyoosha mgongo. Jalada lilishatoka, juu yake wino mwekundu unameremeta.

Alete barua za nyuma.

Avelino akaifuta kalamu yake vizuri, akaiweka kando ya barua ya punda. Akasimama.

"Rebelo. Ukivuka mlango ule, miaka kumi na tisa imekwenda. Kazi, kiinua mgongo, jina."

"Najua, mzee."

Kotwal akainamia daftari, kofia inang'aa. "Basi mimi nimeingiwa na vumbi machoni. Sioni kitu."

Gatini, karani wa meli, Mwajemi mnene anayeitwa Gholam, alikuwa na kitabu cha abiria magotini na kikombe cha chai juu ya kitabu.

"Jina, kazi, sahihi. Kama ni mtu wa Wakala nataka barua ya ruhusa, maana nilishapigwa faini. Na usinidanganye, mkono wenu naujua hata nikifumba macho."

"Mkulima wa minazi," Avelino akasema.

Gholam akatazama koti jeupe, kisha vidole. "Minazi ya kwenu inazaa wino?"

"Wewe nipe kalamu, boti linaondoka."

Mkono wa kulia ukaidaka kalamu wenyewe. Akauona unashuka kwenye mstari, unalegea, unaanza kuchora N ya kitumbo, N ya "Nina heshima." Akaupokonya kalamu kwa nguvu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu, akaitia kushoto. Akaandika A. Ikapinda, ikatetemeka, ikalala chali. Herufi baada ya herufi, sakafu ya jikoni, mkaa, mama kasimama nyuma yake.

Gholam akakitazama kitabu, akainamisha kichwa huku na huku.

"Eh. Mkulima kweli. Ingia!"

Boti likasukumwa. Walipokuwa katikati ya maji Avelino akageuka. Lile jengo la Wakala lilisimama jeupe juani, na dirisha lake liko wazi, na pangaboi linakwenda na kurudi. Mezani kwake kulikuwa na mtu. Koti jeupe, mgongo wake mwenyewe, kichwa kimeinama, mkono wa kulia unakwenda. Barua ya punda, bila shaka. Kotwal alipita nyuma ya kiti hicho na daftari lake, hakushtuka.

Avelino hakungoja mtu yule ainue uso. Akaigeukia meli, na mkono wake wa kulia, ambao vidole vyake vilikuwa bado vinachezacheza, akaukalia.