Maji ya Agya

Hospitali ile ya Kumasi haikuruhusu ndugu kukaa wodi ya mahututi. Unaacha namba ya simu, unangoja ujumbe wa kukuita. Programu ya kutuma ujumbe huo, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya JavaScript, tuliitunza mimi na Oduro katika ofisi inayotazamana na geti la hospitali. Kwa hiyo baba yangu, Agya, alipolazwa kitanda cha kumi na nne, shangazi Nyarko alinipa kazi moja tu.

"Serwaa, mimi huku Mampong miguu hainibebi. Wewe uko hapo hapo. Agya asiondoke bila maji."

Kwetu anayekata roho hupewa maji na mtu wa damu yake, maana safari ile ni ya kupanda mlima. Siku ya kulazwa, Agya mwenyewe alinishika mkono akasema, "Utanipa wewe, si nesi." Nikamwambia aache uchuro, nikaenda zangu kazini.

Alhamisi asubuhi watu walilalamika kwamba wanapata ujumbe mara mbili mbili. Nikafungua kivinjari, nikakiunganisha na programu iliyokuwa ikifanya kazi kwenye seva, mistari yake yote ikatokea mbele yangu. Ukibofya pembeni mwa mstari unaweka alama. Programu ikifika hapo inasimama, nawe unachungulia imebeba nini. Kazi hiyo hufanywa kwenye nakala ya majaribio, kwa sababu ile halisi ikisimama, hakuna ujumbe unaotoka. Nililijua hilo vizuri kabisa. Lakini kwenye nakala kosa halikuonekana, nami nina kiburi cha miaka sita kazini. Dakika moja tu, nilijiambia, nikaweka alama kwenye ile halisi.

Saa nne na dakika kumi ikasimama. Kando ya skrini vikajipanga vitu ilivyobeba: jina, kitanda, simu, idadi ya kutuma. Nikatazama idadi peke yake. Mbili.

"Oduro, nimemkamata mwizi!"

"Mfunge kamba, uje ule kwanza. Waakye inapoa, na wewe ukiwa na njaa unagombana hata na kompyuta."

Tukala chumba cha pili. Pilipili ilikuwa kali mno, Oduro akanicheka nilivyotoa machozi, nikanywa pakiti mbili za maji mfululizo. Niliporudi ilikuwa saa tano kasorobo na programu bado imesimama. Nikabofya kitufe cha kuendelea.

Simu yangu ikalia mezani. Ikalia tena. Ujumbe ni ule ule, mara mbili: mgonjwa wa kitanda cha 14 amezidiwa, njooni sasa.

Jina lilikuwa mbele ya macho yangu, jamani. Na namba ile ilikuwa yangu.

Nilivuka barabara bila viatu. Nesi alinipokea mlangoni, akanishika bega.

"Pole, dada. Ametutoka sasa hivi, hata robo saa haijapita. Ujumbe tuliutuma tangu saa nne. Alikuwa anatazama mlango tu."

"Maji?"

"Mama anayefagia alimlowesha midomo kwa pamba. Alisema hawezi kumwacha hivi hivi."

Nilikaa sakafuni, nikampigia shangazi. Alilia kwanza, nami nikamngoja.

"Ulimpa maji lakini?"

"Sikuwahi. Ujumbe ulichelewa."

"Nani aliuchelewesha? Hao watu wa mitambo, Mungu awaone!"

Ningeweza kunyamaza. Hata Oduro angenyamaza.

"Ni mimi, shangazi. Niliusimamisha mwenyewe, nikaenda kula."

Sauti yake ilikuwa ndogo, haina hasira hata kidogo.

"Na ulipomaliza kula, Serwaa, ulikunywa maji?"

"Nilikunywa, shangazi."