Chembe Zilizolitangulia Wimbi

Kijicho kilimpata Dada pale ratiba ya mkutano ilipobandikwa mlangoni: mzungumzaji mkuu, mdogo wake. Kile kifaa kilichopanda na satelaiti kuhesabu chembe za upepo wa jua alikiunda yeye, akakilea miaka chungu nzima mpaka macho yakadai miwani. Mdogo mtu, ambaye Dada mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale maabara, kaja juzi tu, kaisoma grafu ya chembe hizo, sifa zote zake.

Ukumbini Dada alikaa nyuma, tabasamu la kuazima mdomoni. Mdogo wake akaeleza kwa raha zake. Upepo wa jua, alisema, ni mkondo wa chembe zenye chaji unaovuma kutoka kwenye jua. Mkondo wa kasi ukiukumba wa polepole, huzuka wimbi la mshtuko. Chembe iliyonaswa hapo hurushwa na nguvu za sumaku huku na huku, na kila ikilivuka wimbi huongezewa mwendo, mpaka inachomoka kama risasi.

Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Roho ikamchoma Dada. Doa la grafu ile alikuwa ameliona tangu asubuhi, akanyamaza makusudi. Sasa akanyoosha mkono.

"Mtaalamu wetu," alisema, "mbona chembe zako zinaongezeka kabla wimbi halijafika? Mtoto kamtangulia mama kuzaliwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mdogo wake akaigeukia grafu iliyoangazwa ukutani, akaikodolea macho kama anaiona leo. Dada akajihisi mwepesi.

"Hapo hapo, dada!" mdogo mtu akapaza sauti. "Hizo ndizo zilizokwisha kuongezewa mwendo! Zinalipita wimbi kwa kasi, ndiyo maana zinatangulia. Nyingine zinarudishwa na misukosuko ya sumaku huko mbele, zinapigwa tena na wimbi. Ushahidi wenyewe ndio huo!"

Makofi yakarindima. Mkurugenzi akamgeukia Dada. "Mlipanga, eh? Swali la kidugu hilo."

Mlangoni mdogo wake akamkumbatia. "Nilikuwa nimeliruka kabisa. Umenibeba, dada."

Akisema kweli, atajiumbua.

"Si wewe ni damu yangu?" akajibu, macho ukutani.

Simu yake ikaita. Mama yao.

"Hongera, mwanangu. Hebu nipe mwenzio kwanza, nasikia kawatoa jasho."

Dada akampa mdogo wake simu, akaingia maabara, akafunga mlango, akaifungua ile grafu upya kutafuta doa jingine.