Radi Kuu Wapiga Mnadani Ikungi

Mwaka sabini na tatu Esta Mughwai alikuwa na miaka kumi na sita, akisoma bweni mjini Dodoma. Jumamosi moja bendi ya roki ya Radi Kuu ilipiga ukumbi wa jirani, matroni akafunga geti. Esta akasikiliza muziki wote akiwa amesimama juu ya ndoo, kichwa dirishani.

Miaka ishirini baadaye biashara za watu binafsi zilikuwa ruksa, naye alikuwa na mashine yake ya kukamua alizeti hapo Ikungi, na jenereta. Aliposikia Radi Kuu bado wapo na watapitia Singida kwenda Mwanza, alikwenda posta akawapigia simu.

"Njooni Ikungi Jumamosi mchana. Umeme ninao."

Wakaja wanne na pikapu. Mwimbaji, Melkizedeki, alishavuka hamsini. Nywele zilikuwa zimerudi nyuma, tumbo limekuja mbele, lakini alikuwa bado na suruali yake ya bugaluu, pana miguuni, na viatu vya raizoni vyenye soli nene.

"Shikamoo, kaka Melki," Esta akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye umeme?"

"Ndiye mimi."

Jukwaa lilikuwa tela la trekta kando ya uwanja wa mnada. Siku hiyo ng'ombe walikuwa wanauzwa, na Esta aliona ni bahati, maana watu wangejaa. Mzee Kefa, mwenyekiti wa mnada, alimwuliza kama muziki wenyewe una kelele.

"Kidogo tu, mzee wangu."

Saa nane Simeoni, mpiga gitaa la solo, akalipiga gitaa lake mara moja. Spika zilinguruma, na ng'ombe zaidi ya mia wakavunja boma la miiba wakatimka kuelekea barabara ya Dodoma.

"Zima! Zima hicho kitu!" Kefa alipiga kelele, fimbo juu.

Esta alitamani ardhi impasukie. Wachungaji walikimbia huku na huku, na kadiri walivyokimbia ndivyo ng'ombe walivyozidi kutawanyika. Hapo Melkizedeki akaruka kutoka kwenye tela, akavua viatu, akapita peku kwenye vumbi mpaka mbele ya kundi. Akaweka viganja mdomoni na kuita, mwito mrefu wa kichungaji, wa kupanda na kushuka. Fahali wa mbele akasimama. Akaita tena. Wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, wakimfuata.

"Umejifunzia wapi hiyo?" Kefa akamwuliza, akihema.

"Manyoni, mzee. Nimechunga mpaka nina miaka kumi na minne. Hii sauti mnadhani niliipata Dar?"

Walikosa mtamba mmoja tu, naye akakutwa kwa mama ntilie akinywa maji ya kuoshea vyombo.

"Haya," Kefa akasema, hasira imemwisha. "Ng'ombe wauzwe kwanza. Wakishapakiwa kwenye malori, pigeni mpaka mchoke."

Basi wanamuziki wakakaa, wakala nyama choma, na saa kumi wakapanda tena. Mwanzoni wachungaji waliziba masikio. Wimbo wa pili wakaachia. Wa tatu wakaanza kuruka, fimbo mkononi, kwa mtindo wao wenyewe, na mpiga dramu akawafuata wao. Esta alikuwa mbele kabisa, akiimba kila neno, machozi na jasho vikichanganyika.

Kefa akamsogelea sikioni. "Huyu analalamika nini?"

"Anasema mke wake amemkimbia!"

"Kwa kelele hizi? Mke ana haki!"

Esta akacheka mpaka akamshika mzee bega.

Kesho yake kanisani mwalimu wa kwaya alimpa ishara aanzishe wimbo. Esta akafungua kinywa, sauti haikutoka hata kidogo. Wenzake wakamgeukia. Akawaonyesha koo kwa kidole, akakaa chini, akaficha uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakitikisika kwa kicheko.